Shangazi, barua ya usaili imenipita kwa sababu ya matangazo. Niitupe imeili yangu ya zamani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya binafsi hapa Morogoro. Nina miaka 31, nimeolewa, na pembeni ya ualimu nauza vitenge kupitia Instagram. Nakuandikia nikiwa na uchungu ambao mume wangu anauona mdogo, lakini mimi haunitoki.

Imeili yangu nilifunguliwa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na kijana wa intaneti kafe aliyekuwa akitusaidia kujaza fomu. Ni ya Gmail. Tangu hapo sijawahi kuwa na nyingine. Ndiyo iliyo kwenye CV yangu, benki wanayo, nimejisajili nayo Ajira Portal, na nimeiweka kwenye ukurasa wangu wa Instagram ili wateja wanipate. Kila duka la mtandaoni nililonunua hata kitu cha elfu kumi linayo. Mdogo wangu wa kiume aliiazima kujisajili kwenye kampuni ya mikeka ya kubeti, nikaona si neno. Hoteli tuliyofanyia semina walitaka niiandike ndipo nipate Wi-Fi, nikaandika.

Sasa hivi kila nikifungua nakutana na bonasi za kubeti, viatu vya nusu bei, mtu nisiyemjua anayesema nimerithi mamilioni, na mwingine anayedai akaunti yangu ya benki itafungwa leo jioni. Arifa nilishazizima kwa sababu simu ilikuwa inalia kutwa. Mwezi uliopita shule moja niliyoomba kazi ilinitumia barua ya kuniita kwenye usaili. Iliingia katikati ya hayo yote. Nilipoiona, siku ya usaili ilikuwa imeshapita. Shangazi, nililia. Mshahara wa shule ile ungetusaidia kupaua nyumba.

Mume wangu anasema nifungue imeili mpya, hii ya zamani niitupe kabisa. Mwenzangu wa ofisi ya walimu anasema nitumie zile imeili za muda zinazojifuta zenyewe kila ninapojisajili mahali. Na fundi mmoja wa simu hapa mjini anataka nimpe nywila na elfu ishirini, asafishe kila kitu. Nifuate lipi? Na mtu akiwa na imeili mbili tatu, si atachanganyikiwa zaidi, au hata kuonekana tapeli?

Mwanao,
Mwalimu wa Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Uchungu wako si mdogo hata kidogo. Nafasi ya kazi imepotea, na si kwa kukosa sifa. Tuanze na mambo ya kufanya leo hii, mengine yatafuata.

Fundi usimpe nywila, kwa elfu ishirini wala kwa bure. Aliye na nywila ya imeili yako anaweza kwenda Instagram, au kwenye Ajira Portal, akabonyeza sehemu ya waliosahau nenosiri, na kiungo cha kuweka jipya kikamfikia yeye. Simtuhumu wizi, simjui. Ila imeili ndiyo mlango wa akaunti zako zote nyingine, na kazi anayotaka kuifanya unaiweza mwenyewe ukiwa umekaa sebuleni.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, nami limenishtua kuliko matangazo yote: akaunti ilifunguliwa na kijana wa intaneti kafe. Je, nywila uliwahi kuibadilisha? Watu wengi hapa kwetu wanatumia imeili waliyofunguliwa na mtu wa dukani siku waliponunua simu, na nywila ni ileile aliyoitunga yeye. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama. Badilisha nywila. Kisha angalia namba ya simu na imeili zilizowekwa kwa ajili ya kurejesha akaunti. Mara nyingi utakuta namba ya laini uliyoipoteza zamani, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, namba yake akapewa mtu mwingine. Huyo mtu akiamua kujaribu, msimbo wa kuingilia unaenda kwake. Futa namba hiyo, weka unayoishika leo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mtu akiwa na nywila bado adaiwe msimbo au idhini kutoka kwenye simu yako. Halafu tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, na usichokitambua kiondoe.

Jambo la pili la leo ni kuiandikia ile shule. Usiwaeleze habari za mikeka na viatu. Andika mistari mitatu: kwamba barua yao umeiona ukiwa umechelewa, unaomba radhi, bado unaitaka nafasi hiyo na uko tayari kuitwa wakati wowote ikiwa itabaki wazi au itatangazwa tena. Weka namba ya simu. Shule huwa zinapata waalikwa wanaokataa nafasi baada ya usaili, na jina la mtu aliyeandika kwa heshima hukumbukwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Matangazo hayaji kwako kwa bahati mbaya. Tangu mwanzo biashara hii imejengwa juu ya orodha za anwani. Tarehe 3 Mei 1978, ofisa mauzo mmoja wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye mtandao wa ARPANET, uliokuja kuzaa intaneti. Anwani alizitoa kwenye kitabu kilichochapishwa cha watumiaji wa mtandao huo, zikaandikwa moja moja kwa mkono. Wengi walikasirika. Tofauti ya siku ile na leo ni kwamba sasa hakuna anayeandika kwa mkono. Programu zinapita kwenye kurasa za wazi zikikusanya kila kinachofanana na anwani ya barua pepe, na ukurasa wako wa Instagram umo. Wenye maduka hubadilishana orodha na washirika wao wa kibiashara, jambo ambalo uliliridhia ulipotia tiki kwenye masharti bila kuyasoma. Na zaidi ya hayo, kampuni zinaibiwa. Canva, ambayo walimu wengi mnaitumia kutengenezea mabango na vyeti, ilivamiwa Mei 2019, na taarifa za akaunti takriban milioni 137 zikachukuliwa, imeili zikiwamo. Yahoo walivamiwa mwaka 2013, na baadaye wakakiri kwamba akaunti zao zote, bilioni tatu, ziliguswa.

Unaweza kujua kama yako imo kwenye wizi unaofahamika. Kuna tovuti iitwayo Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mtaalamu wa usalama wa Australia, Troy Hunt. Ni bure. Unaandika imeili yako tu, kamwe si nywila, nayo inakuorodheshea mahali ilipovuja. Usiogope ukikuta orodha ndefu. Imeili ya miaka yote hiyo, iliyotumika kila mahali, kuikosa humo ndiko kungekuwa ajabu.

Kwa hiyo mume wako amelenga, ila hajapiga penyewe. Ni kweli unahitaji anwani mpya. Lakini kuitupa ya zamani ni hatari, na naomba umweleze hivi. Simu yako, kama ni ya Android, imeunganishwa na akaunti hiyo: majina yote ya simu, picha za watoto kama unazihifadhi Google Photos, na programu ulizolipia. Benki bado wanatuma taarifa huko. Chuo chako kikihitaji kukupata, kitaandika huko. Na anwani iliyoachwa haikai tu. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Yahoo nao mwaka 2013 waliamua kuyagawa upya majina ya akaunti zilizolala, na baadhi ya wenye majina mapya wakaanza kupokea barua za wenye majina wa zamani, zikiwamo za mambo yao ya faragha. Tangu habari ile sijawahi kumshauri mtu aitupe anwani aliyowahi kujisajili nayo mahali pa maana.

Ushauri wangu ni huu: ya zamani iache iendelee kubeba matangazo, uhamishe vitu vyako vya thamani kutoka humo. Imeshachafuka, basi na iwe ndiyo imeili ya madukani, ya Wi-Fi za hoteli na ya mambo ya mdogo wako. Wewe ndiye unayehama, kidogo kidogo, na mlango unaufunga kwa ufunguo nyuma yako.

Unaniuliza kama imeili nyingi zitakuchanganya. Nilifanya kazi masjala kabla sijastaafu, na huko faili la siri halikukaa kabati moja na majalada ya kawaida. Hatukuchanganyikiwa kwa kuwa na makabati mawili. Tungechanganyikiwa kama karatasi zote zingekuwa kwenye rundo moja, kama zilivyo zako sasa. Na utapeli uko katika kumdanganya mtu. Kutenganisha mambo yako si utapeli, ni utaratibu, na hakuna sheria inayokukataza.

Kwako naona tatu mpya zinatosha.

Ya kwanza ni ya siri. Hii haiandikwi kwenye CV, haiwekwi Instagram, hata mimi usinitajie. Jina lake lisiwe jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Kazi yake ni benki, mambo ya serikali kama Ajira Portal na TRA, akaunti ya kuingilia Instagram, imeili ya kurejesha PIN ya WhatsApp, na iwe pia imeili ya kurejeshea akaunti zako nyingine. Ndani yake patakuwa kimya, na huo ukimya ndio faida yake kubwa: barua ikiingia humo, unajua ni ya kusomwa. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaioni mpaka iwafike. Mtu akikuandikia kwenye imeili yako ya zamani, "akaunti yako ya benki itafungwa leo jioni," huna haja hata ya kufikiri. Benki yako haiijui tena anwani hiyo. Ni tapeli, basi.

Kwa hapo niongeze neno kuhusu Instagram, maana ndipo vitenge vyako vilipo. Wizi wa kurasa za wafanyabiashara wadogo mara nyingi unaanza na imeili. Mwizi anaiona anwani kwenye ukurasa, anakisia kwamba ndiyo hiyo hiyo unayoingilia, anaijaribu na nywila zilizovuja kutoka mahali pengine, au anakutumia barua inayojifanya imetoka Instagram ikisema ukurasa wako umeripotiwa. Akishaingia anabadilisha kila kitu, kisha anawaandikia wateja wako watume pesa kwa namba yake. Instagram inakuruhusu uingie kwa imeili moja na uwaonyeshe wateja nyingine kabisa. Tumia ruhusa hiyo. Anwani ya wateja ijulikane na kila mtu, ya kuingilia ijulikane na wewe peke yako.

Ya pili ni ya watu: jina lako na la ukoo, safi, bila namba nyingi nyuma yake. Hiyo ndiyo ya CV, ya maombi ya kazi, ya mkuu wa shule, ya wenzako wa chuo. Haijazi fomu yoyote ya duka, hata iwe na zawadi gani. Arifa za hii ziwashe, zilie kwa sauti. Programu ya Gmail kwenye simu inabeba akaunti kadhaa kwa pamoja, na kila moja unaipangia arifa zake, hivyo ya zamani inyamazishe kabisa na hii isikike. Hilo peke yake lingeokoa ile barua ya usaili.

Ya tatu ni ya biashara, ile ya kwenye ukurasa wa vitenge. Itachafuka mapema kwa kuwa iko hadharani, na hilo halina shida. Siku ikikushinda unaibadilisha pale ukurasani, unawaarifu wateja wa kudumu, maisha yako mengine hayaguswi.

Kuna njia ya kupata anwani nyingi bila kufungua akaunti nyingine, nayo inafaa uijue kwa sababu inakuonyesha nani kakuuza. Kwenye Gmail, baada ya jina lako unaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote, kabla ya ile sehemu ya @gmail.com. Tuseme jina la akaunti ni "jinalako". Ukinunua viatu unaandika "jinalako+viatu", ukijisajili kwenye semina unaandika "jinalako+semina". Barua zote zinaingia kwenye kikasha kilekile, lakini ukitazama imeandikiwa nani utaliona lile neno. Siku kampuni ya mikopo usiyoijua inapokuandikia kwa "jinalako+viatu", umeshajua orodha imetokea wapi. Unaweka kichujio: kila kinachokuja kwa anwani hiyo kiende moja kwa moja kwenye tupio. Nukta nazo Gmail haizihesabu. "jina.lako" na "jinalako" kwake ni mtu mmoja, kwa hiyo asikuuzie mtu maneno kwamba umepata anwani mbili kwa kuongeza nukta.

Usiiamini alama hiyo kupita kiasi, hata hivyo. Fomu nyingine zinaikataa. Na anayekusanya anwani kwa nia mbaya anaweza kufuta kila kilicho kati ya alama ya kujumlisha na @, akabaki na anwani yako kamili. Ndiyo maana naipenda kwenye imeili ya zamani na ya biashara tu. Kwenye ile ya siri usiitumie madukani hata siku moja, kwa sababu jina lake lote linaonekana mle.

Mwenye akaunti ya Outlook, imeili ya kampuni ya Microsoft, ana kitu kigumu zaidi kuvunjwa. Microsoft wanakuruhusu kuwa na anwani mbadala hadi 10 kwenye akaunti moja, kila moja na jina lake lisilofanana na jingine, na unachagua ni ipi inayoweza kuingilia na zipi ni za kupokelea tu. Hivyo anayejua anwani yako ya hadharani hawezi hata kuanza kujaribu nywila nayo. Ukitaka kuianzisha ile ya siri na ya biashara huko badala ya Gmail, sitakupinga.

Halafu kuna huduma zinazokutengenezea anwani za kujikinga, barua zikapitia kwao zikaja kwako bila duka kujua imeili yako halisi. Firefox Relay ya Mozilla inatoa tano bure. SimpleLogin, iliyonunuliwa na kampuni ya Proton ya Uswisi mwaka 2022, inatoa 10 bure. DuckDuckGo nao wanazo, na njiani wanaondoa vile vipicha visivyoonekana ambavyo huwaambia wenye matangazo kwamba barua umeifungua. Mwenye iPhone amewekewa ya Apple ndani ya simu. Duka likikuchosha, anwani hiyo moja unaizima, mambo yamekwisha. Wewe ni mgeni wa mambo haya, kwa hiyo sikuharakishi huko. Kamilisha kwanza hizo tatu, zikishakaa mkononi ndipo ujaribu.

Hizi ni tofauti na zile za mwenzako wa ofisi ya walimu, na hapa ndipo wengi wanapojikata. Imeili za muda, zile za dakika kumi au kama za Mailinator, zina matumizi yake: unataka kusoma waraka mmoja, tovuti inakulazimisha ujisajili, na huna nia ya kurudi tena. Hapo sawa. Lakini kikasha cha wazi cha Mailinator hakina nywila. Yeyote anayejua au kukisia jina uliloliandika anaweza kusoma kilichoingia. Na zile zinazojifuta zikishajifuta, nenosiri ukilisahau hutalirejesha tena maishani. Usinunue kitu kwa imeili ya namna hiyo, maana risiti na taarifa za mzigo zinaenda huko. Usijisajili nayo mahali palipo na pesa, cheti, matokeo, tiketi au jina lako halisi. Mwambie mwenzako kwa upole, huenda ameshajisajili nayo mahali na hajui kwamba mlango uko wazi.

Sasa kuhama. Usihame kwa siku moja ukiwa na hasira, utasahau kitu. Fungua ile ya siri kwanza, iwekee nywila ambayo haijawahi kutumika popote, uthibitishaji wa hatua mbili, na namba ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la mume wala la dada. Kisha nenda benki. Baadhi ya benki hubadilisha imeili ndani ya programu, nyingine zinataka ujaze fomu tawini na kitambulisho, na usione ni usumbufu, ni ulinzi wako. Baada ya benki, Ajira Portal, ukihakikisha umeingia kwa anwani mpya na ukaona taarifa zako zote zipo kabla hujafunga kompyuta. Halafu Instagram na WhatsApp. CV unaibadilisha siku hiyohiyo unapofungua anwani ya watu, na zile shule zote ambazo zinashikilia CV yako ya zamani waandikie mstari mmoja ukiwapa mpya. Waalimu wengi wanaruka hapo. Wanabadilisha CV iliyo kwenye simu yao, ile iliyo kwenye droo ya mkuu wa shule inabaki na anwani ya zamani.

Kwa kuwa utasahau baadhi, weka wavu. Kwenye imeili ya zamani tengeneza kichujio kinachosema: barua kutoka benki, kutoka anwani za serikali zinazoishia na .go.tz, kutoka chuo, au yenye neno "usaili" au "interview", isiende kamwe kwenye barua taka na ielekezwe kwenye anwani yako ya watu. Vichujio vya Gmail havitengenezwi ndani ya programu ya simu. Ingia kwa kivinjari cha kompyuta, hata ya maabara ya TEHAMA hapo shuleni, mradi ukimaliza utoke kwenye akaunti na usikubali kompyuta ikumbuke nywila. Na kwa kipindi hiki cha kutafuta kazi, chungulia folda ya barua taka kila baada ya siku chache kwenye anwani zote, kwa sababu Gmail hufuta yaliyomo humo baada ya siku 30 na mara moja moja huwa inakosea. Barua ya shule ndogo yenye kiambatisho inaweza kutupwa huko bila kosa la mtu.

Katika kusafisha yaliyobaki, tofautisha wanaotuma. Kampuni halali, ambayo uliwahi kununua kwake, bonyeza neno la kujiondoa lililo juu karibu na jina la mtumaji. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja na waheshimu ombi hilo ndani ya siku mbili. Kwa hiyo siku hizi kinafanya kazi kuliko zamani. Lakini huyo wa urithi wa mamilioni usimjibu, usibonyeze kiungo chake chochote, hata kilichoandikwa "jiondoe". Ukibonyeza unamthibitishia kwamba kuna mtu anayesoma, na anwani iliyothibitishwa ina bei kuliko iliyokufa. Iripoti kuwa ni barua taka, endelea na mambo yako. Kwa hao wa kubeti, mdogo wako ndiye aingie kwenye akaunti yake aweke imeili yake. Mwite mkae pamoja siku moja, hilo ni lake kulirekebisha, na mwanamke aliyeajiriwa kufundisha watoto hapaswi kuwa na akaunti ya mikeka iliyosajiliwa kwa imeili yake.

Ukijiondoa na kampuni ya hapa nchini ikaendelea, una haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa uwezo wa kumtaka anayeshika taarifa zako asizitumie kukutangazia biashara. Andika ombi hilo, hifadhi nakala, na asipotii peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wasomaji wangu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Watu wetu hawazitumii sheria hizi kwa kudhani ni za wakubwa. Ni za mwenye taarifa, na mwenye taarifa ni wewe.

Nimalizie na karatasi, maana mume wako atauliza utakumbukaje nywila nne. Tumia programu ya kuhifadhi nywila ukiweza, iliyo ndani ya simu yako inatosha kuanzia. Ila misimbo ya akiba ile iandike kwa mkono. Google ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili inakupa misimbo 10, kila mmoja unatumika mara moja, kwa ajili ya siku simu itakapoibiwa au kutumbukia kwenye maji. Iandike kwenye karatasi kwa kalamu, juu yake weka jina la akaunti unalolielewa wewe, uiweke kwenye bahasha moja na vyeti vyako vya kidato cha nne na chuo. Kila Januari toa bahasha, ingia kwenye kila akaunti mara moja hata kama huna shida nayo, ili isihesabiwe kuwa imelala, na uhakikishe namba ya simu iliyoko mle bado unaishika.